Serikali Iingie Nyumbani Mwangu kwa Ruhusa ya Nani?

Somo la vikundi kuhusu sheria za watoto na mamlaka ya wazazi



Katika mikutano yetu, tangu kule Igembe mpaka Mbeere, kuna neno ambalo halikosi kusemwa tukigusa mambo ya watoto. Mzee mmoja husimama, akavua kofia, akasema: "Siku hizi mtoto si wangu, ni wa serikali. Nikimgusa nafungwa. Nikimwacha akaharibika, naambiwa sikumlea." Watu hupiga makofi. Kisha mkutano ukiisha na watu wameanza kutafuta njia ya nyumbani, mama mmoja hubaki nyuma na kuuliza kwa sauti ndogo: "Na yule mtoto wa jirani aliyeharibiwa na mjomba wake, wazee wakala mbuzi mambo yakaisha, hiyo serikali ilikuwa wapi?"

Mzee analalamika kwamba serikali imeingia sana. Mama analalamika kwamba haikuingia hata kidogo. Tumeyaweka malalamiko haya katika somo moja kwa sababu yote yanahusu mlango uleule wa nyumba. Kikundi kinaweza kulisoma somo hili kwa mikutano miwili au mitatu. Msomaji asiharakishe. Watu wakitaka kubishana, awaache wabishane, ndiyo kazi ya somo.

Sheria yenyewe inasemaje

Wengi wetu tunaijua sheria ya watoto kwa kusikia tu, na tunachosikia ni jela. Tuanze basi na Katiba ya 2010. Kifungu cha 45 kinasema kwamba jamaa ndiyo msingi wa asili wa jamii, na serikali inapaswa kuitambua na kuilinda. Yaani kabla ya kumtaja mtoto, Katiba imeshaitaja nyumba yako. Halafu kifungu cha 53 kinamjia mtoto: ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, masomo ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makao na matibabu, na kulindwa na ukatili, na mila zenye madhara, na kazi zinazomdhuru. Kati ya haki hizo kuna moja ambayo tunaomba isomwe mara mbili kikundini: mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wake, baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Ukiitazama vizuri haki hiyo utaona ni ngao ya mzazi pia. Mtoto ana haki ya kuwa na wewe. Hakuna mtu anayeweza kuja kumchukua kwa sababu nyumba yako ni ya udongo au kwa sababu mnakula githeri kila siku. Mwongozo wa malezi mbadala ambao serikali ilitoa mwaka 2014 unasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Na ule mpango wa taifa wa mabadiliko ya malezi, wa 2022 mpaka 2032, unataka watoto walio katika makao ya watoto warudishwe kwa jamaa, na makao yawe kimbilio la mwisho. Tunayasema haya kwa sababu tumesikia akina mama wanaoogopa hata kumwona afisa wa watoto kuomba msaada, ati wataporwa watoto.

Chini ya Katiba kuna Sheria ya Watoto. Ya kwanza ilitungwa mwaka 2001 na kuanza kazi Machi 2002. Mahali pake sasa pamechukuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo. Mzee akinung'unika ati mambo haya yametoka ng'ambo, ana sehemu ya ukweli, maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989 na Kenya ikauidhinisha mwaka 1990. Lakini nchi za Afrika nazo zilikaa zikaandika mkataba wao mwaka uleule wa 1990, na kifungu chake cha 31 kinasema jambo ambalo wazee wangelipenda sana kama wangelisomewa: mtoto naye ana wajibu. Anapaswa kuwaheshimu wazazi na wazee, kuwasaidia wakati wa shida, na kusaidia jamaa ishikamane. Sheria yetu ya 2001 iliuweka wajibu huo katika kifungu cha 21, na ile ya 2022 haikuuacha nyuma. Kifungu hiki husomwa mara chache katika semina za haki za watoto. Hilo ni kosa la waendesha semina, si la sheria.

Na sisi Wakatoliki? Vatikani ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa tarehe 20 Aprili 1990, mapema kuliko nchi nyingi. Lakini ilijiunga kwa kutoa masharti, na mojawapo ni kwamba haki za msingi za wazazi zisiguswe, hasa katika malezi na dini. Basi anayesema Kanisa linapinga haki za watoto hajui. Na anayesema Kanisa limewapa watoto kwa serikali, naye hajui.

Kuna kanuni ya mafundisho ya jamii ambayo Papa Pius wa Kumi na Moja aliieleza mwaka 1931. Kwa lugha ya kijijini tungeisema hivi: kazi ambayo nyumba inaiweza, kijiji kisiinyang'anye, kazi ambayo kijiji kinaiweza, serikali isiinyang'anye. Watu wengi huishia hapo, kwa sababu hapo ni patamu. Lakini kanuni ina nusu ya pili. Nyumba ikishindwa, au nyumba yenyewe ikiwa ndiyo inayoumiza, aliye karibu ana wajibu wa kuingia, na akishindwa naye, aliye mbele yake. Anayeshika nusu ya kwanza na kuiachilia ya pili hajashika kanuni, ameshika kisingizio.

Meru, Aprili 1956

Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu jambo hili lilitokea kwetu na vijana wengi hawajalisikia.

Mwaka 1956 nchi ilikuwa bado katika hali ya hatari, vita vya Mau Mau havijaisha vizuri. Mwezi wa Aprili, Njuri Ncheke, kwa kutiwa moyo na D.C. wa kizungu wa wakati ule, ilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru yote. Kumbuka Meru ya siku hizo ilikuwa kubwa, Tharaka Nithi ya leo ilikuwa ndani yake. Ilikuwa sheria ya wazee wetu wenyewe, si ya Nairobi wala ya London peke yake. Kwa hiyo tungefikiri ingeshika haraka.

Haikushika. Habari zilipofika vijijini, wasichana walichukua nyembe za dukani wakaenda vichakani wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri". Kati ya mwaka 1956 na 1959, watu zaidi ya 2,400, wasichana, akina mama na hata wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuvunja amri ya Njuri. Hebu fikiri: sheria iliyotungwa ili kuwalinda wasichana, na wasichana wenyewe ndio walio kizimbani.

Kwa nini? Wanahistoria waliozungumza na wazee wa siku zile wanaeleza sababu nyingi, na sisi tunataka kushika mbili. Ya kwanza, waliokaa na kukata neno walikuwa wanaume. Tohara ya wasichana ilikuwa katika mikono ya akina mama. Ndiyo iliyomtoa msichana utotoni, na ndiyo iliyompa mama mzee kiti chake mbele ya wanawake vijana. Ukiondoa kitu kama hicho bila kumwita mwenyewe, umemfukuza nyumbani mwake. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Serikali ileile ya kikoloni, katika miaka ya 1930, ilikuwa imewatuma askari wake Meru kuhakikisha wasichana wanatahiriwe mapema, kabla ya kuvunja ungo, kwa sababu ilitaka kupunguza utoaji wa mimba kwa wasichana ambao hawajatahiriwa. Jana serikali inakuja na askari kusema watahiriwe upesi. Leo inakuja kusema wasitahiriwe kabisa. Mwananchi gani atajua ipi ni sheria na ipi ni matakwa ya bwana mkubwa?

Wengine wakisikia habari hii husema: "Mnaona? Sheria haiwezi kuingia nyumbani." Sisi hatukubali. Tazameni yaliyofuata. Mwaka 1996, kule Tharaka, Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la PATH walianza na vikundi vya akina mama kama vyenu. Walijadiliana na mama, wakajadiliana na baba, kisha wasichana karibu 30 wakawekwa pamoja wakafundishwa mambo ya utu uzima, wakatoka kwa sherehe, nyimbo na zawadi, bila kisu. Wakaiita Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Kiti cha mama mzee hakikuondolewa, kwa sababu mafunzo bado yalikuwa kazi yake. Ndipo mwaka 2011 ikaja sheria ya kukataza ukeketaji, yenye kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Hata kumtukana mwanamke kwa sababu hakutahiriwa ni kosa. Hesabu za afya za taifa zinaonyesha kwamba mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepashwa tohara. Mwaka 2022 walikuwa 15.

Mwaka 2021 sheria hiyo ilipimwa. Daktari Tatu Kamau alikuwa amekwenda Mahakama Kuu akidai kwamba sheria inamnyima mwanamke mzima uhuru wa kufuata mila yake. Tarehe 17 Machi 2021 majaji waliikataa hoja hiyo, wakasema Katiba inaulinda utamaduni lakini si ule unaodhuru mwili. 

Ndiyo maana tunaona mwaka 1956 hautufundishi kwamba sheria ikae nje. Unatufundisha kuuliza nani aliitwa sheria ilipokuwa ikitungwa, na nani aliketi na wenye nyumba kabla askari hajafika.

Mahakama Kuu ya Meru, 2012 na 2013

Sasa tuje kwa yule mama aliyebaki nyuma ya mkutano.

Mwezi wa Oktoba 2012, wasichana 11 waliokuwa wamenajisiwa, wakisimamiwa na shirika la Ripples International ambalo lina makao ya kuwahifadhi wasichana hapa Meru, walikwenda Mahakama Kuu ya Meru. Hawakwenda kuwashtaki waliowanajisi. Waliwashtaki polisi kwa kutofanya kazi. Habari yao ilijulikana kama kesi ya wasichana 160, kwa sababu nyuma ya hao 11 kulikuwa na wengine wengi wenye hadithi ileile: walifika kituoni, wakahojiwa kwa dharau, wakaulizwa mashahidi walioona kwa macho, wakarudishwa nyumbani. Nyumbani kwenyewe ndiko aliko aliyewaumiza, au yuko ng'ambo ya ua, kwa sababu watuhumiwa wengi walikuwa watu wa karibu.

Tarehe 27 Mei 2013, Jaji J. A. Makau alikata kesi. Alisema polisi, kwa kukosa kuchunguza, walivunja haki za watoto hao walizopewa na Katiba, na kwa uzembe wao walitengeneza hali ambayo wanajisi hawaogopi. Akawaamuru wafanye uchunguzi wa haraka na wa kitaaluma. Uamuzi huo umesomwa na mawakili wa nchi nyingi. Ulianzia hapa kwetu, kwa watoto.

Tunautaja kwa sababu moja. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ilikuwa tayari miaka sita. Inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Sheria kali kabisa. Na bado watoto hawakupata kitu, mpaka mtu alipokataa kuondoka mlangoni mwa kituo. Makali ya karatasi hayamlindi mtoto kama jirani amenyamaza.

Na hapa ndipo penye ile mbuzi. Desturi ya kupatanisha nyumba mbili ni desturi njema, Katiba yenyewe katika kifungu cha 159 inazitambua njia za kienyeji za kumaliza ugomvi, mradi zisivunje haki za mtu. Lakini angalia nani anapatanishwa. Baba wa mtoto na baba wa mkosaji wanakula nyama, wanapeana mikono, mtoto hayuko pale. Hajaulizwa, hajatibiwa, na kesho anatumwa dukani apite njia ileile. Kwa kosa la namna hii, jamaa haina ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya mtoto. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi uko kwa serikali, kwa yule anayeongoza mashtaka ya umma. Si kwa baba, si kwa chifu, si kwa padre. Mama akishurutishwa aende kituoni aseme "tumeelewana", kesi haijafa kwa neno lake.

Jambo la kushika kichwani, na tunaomba liandikwe kwenye kitabu cha kikundi: mtoto aliyenajisiwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kabla ya kuoga. Nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafanya kazi tu ikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora. Kituoni mhakikishe mmepewa nambari ya OB. Fomu ya P3 yenyewe hutolewa bila malipo. Ikiwa ni usiku na hamjui pa kuanzia, nambari 116 ni simu ya bure ya watoto, usiku na mchana.

Fimbo

Tukirudi kwa mzee, tunajua atauliza fimbo. Tujibu bila kuzungukazunguka. Shuleni fimbo ilikatazwa mwaka 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikalikaza jambo hilo. Nyumbani ilikuwa tofauti: Sheria ya Watoto ya 2001 ilimwachia mzazi haki ya adhabu ya kiasi. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inasema mtu yeyote asiadhibiwe kwa kupigwa, na mtoto ni mtu. Sheria ya 2022 haikuirudisha ile ruhusa ya zamani.

Tunajua wasomaji wetu hawakubaliani katika hili, na wengine watatutajia kitabu cha Mithali. Sisi huwauliza: fimbo ya mchungaji, hapa kwetu, inatumika kumpiga kondoo au kumwelekeza? Mchunga kondoo wa Timau anaijua jibu. Methali inasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na ni kweli. Lakini mtoto aliyeambiwa hapana, akanyimwa matembezi, akapewa kazi ya kuosha sufuria za mkutano mzima, huyo naye amelia.

Sheria haikumnyang'anya mzazi neno la mwisho kuhusu saa ya kurudi nyumbani, marafiki, kanisa la kwenda, kazi za nyumbani, simu. Anayekwambia mtoto wako anaweza kukushtaki kwa kumwamsha saa kumi na moja aende kuchota maji, mwombe akuonyeshe kifungu. Hana.

Miraa, muguka na kazi ya mtoto

Hili ni gumu kuliko fimbo, kwa sababu lina pesa. Kule Igembe na Tigania, matawi yenye miraa nzuri ni membamba, na mwili mwepesi hupanda vizuri. Mbeere ni muguka. Kijana wa darasa la saba anachuma alfajiri, anapata pesa mkononi, na baada ya muda anamwona mwalimu kama mtu anayempotezea wakati. Akishatahiriwa na kujengewa nyumba yake, mama hawezi tena kuingia kumwamsha. Hapo mamlaka ya mzazi hayakuchukuliwa na serikali. Yamechukuliwa na soko, na wakati mwingine mzazi ndiye aliyeyauza, maana pesa za mtoto zinanunua unga.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtoto chini ya miaka 13 asiajiriwe kabisa, na wa miaka 13 hadi 16 afanye kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Kusaidia nyumbani si kuajiriwa. Kuchunga mbuzi Jumamosi, kukama, kupeleka kikapu cha majani chai kituoni baada ya shule, hayo ni malezi. Kipimo chetu ni hiki: analala vya kutosha? Anafika shuleni kabla ya kengele? Mwili wake unaumia? Mwanakikundi akijibu maswali hayo mbele ya wenzake kwa uaminifu, afisa hahitajiki.

Na sisi tunaona hapa ndipo kikundi kinaweza zaidi ya sheria. Wanunuzi wa miraa mnawajua kwa majina. Kikundi cha wakulima kikikubaliana kwamba hakuna mtoto wa sare atakayepanda mti siku ya shule, hilo litashika kuliko msako wa siku moja.

Yanayoweza kuishia nyumbani, na yale yasiyoweza

Mambo mengi yanayofika kwa afisa wa watoto ni ya kutelekezwa: baba hatoi chakula, mama amekwenda, karo haikulipwa. Haya yanaweza kabisa kumalizwa na wazee, na jumuiya ndogo ndogo, na vikundi. Makubaliano yaandikwe, baba na mama watie sahihi, nakala moja ibaki kwa afisa. Akiyavunja, ndipo mwende mahakama ya watoto. Nyanya anayelea wajukuu ambao mama yao amefariki asikae hivi hivi tu. Aende kwa afisa aulize namna ya kuwa mlezi kwa karatasi, la sivyo siku ya kugawana shamba mjomba ndiye atajitokeza ati ndiye mlezi. Mtoto aliyeiba kuku asikimbizwe kituoni: sheria ya 2022 inasema mtoto chini ya miaka 12 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Mwenye kuku na baba wakae.

Lakini unajisi, ukeketaji, kuozwa kwa msichana, na kipigo kinachoacha jeraha, hayo si ya wazee. Wazee wanaweza kusaidia mtoto apate usalama na jamaa zisichomeane nyumba. Kukata kesi si kazi yao. Na tuseme wazi: hakuna ofisi wala vazi linalomtoa mtu nje ya sheria hii. Mwalimu, chifu, katekista, padre, mfanyakazi wa mradi, wote wamo.

Gumu kuliko yote ni likija ndani ya kikundi. Tuseme mume wa mweka hazina wenu ndiye anayetajwa. Mwanamke huyo ndiye aliyewaandikia barua ya mkopo, watoto wake wanasoma kwa ile zamu ya pesa ya kila mwezi, na mume akifungwa nyumba hiyo itakosa mkate. Wengine watasema tungoje mkopo ulipwe kwanza. Hatuwezi kuwadanganya kwamba jambo hili ni rahisi. Tunachoweza kusema ni kwamba kikundi kinaweza kuripoti na bado kisimwache mama huyo. Kinaweza kumsogezea zamu yake mbele, kumlimia shamba, kukaa naye kanisani kwenye benchi moja. Kama hamtafanya hivyo, mama wa nyumba ya pili atajua bei ya kusema, naye atanyamaza.

Maswali ya kikundi

Wanawake wakae peke yao kwa maswali mawili ya kwanza, wanaume peke yao, kisha mkutane.

Mwaka 1956, kama ungekuwa mama wa Meru, ungetaka Njuri ikuulize nini kabla ya kutoa amri?

Katika kijiji chetu, ni jambo gani kuhusu watoto ambalo sote tunalijua na hakuna anayelisema barazani?

Baba aliyekatazwa fimbo amepewa nini badala yake? Tajeni adhabu ambazo zimefanya kazi nyumbani kwenu.

Nani kati yetu anajua ofisi ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo yetu iko wapi, na inafunguliwa siku gani? Kama hakuna, chagueni wawili waende wiki hii, mama mmoja na mzee mmoja, na nauli itoke kwenye mfuko wa kikundi. Watuletee jina la ofisi na nambari ya simu kwa mkutano ujao, ziandikwe kwenye jalada la kitabu cha mahudhurio, pale ambapo kila mtu anafungua.